Je, Wajua? Kutoka Foleni ya Tunduma Hadi Miti Yenye Barua Pepe

Je, wajua kwamba Tunduma unaweza kurudisha saa nyuma kwa kuvuka barabara tu? Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia, kwa hiyo ukiondoka Tunduma saa nne asubuhi unaingia Nakonde saa tatu, na soda mkononi hujaimaliza. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo inajibadilishia saa yenyewe, haikuombi ruhusa. Ukipanga miadi mpakani, ndugu yangu, uliza kwanza: saa ya wapi?

Sogea kidogo kwenye benchi, nafasi ipo. Leo ni habari za miji: jinsi inavyotumia simu, nyaya na vidude vidogo vidogo ili hewa iwe safi, taa zisizimike na mafuriko yasitukute tumelala. Nitakuzungusha mpaka Goma, Muscat na Melbourne, lakini tunaanzia hapa hapa kwetu.

Watu wa Tunduma, mko wangapi? Sensa ya 2012 iliwakuta hamjafika laki moja. Ya 2022 ikawakuta mmepita laki mbili! Mji umezidi mara mbili ndani ya miaka 10, na mkoa wenyewe wa Songwe ulikuwa mtoto wa miaka 6 tu, maana ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Mlihesabiwaje? Kwa vishikwambi. Sensa ya Agosti 23, 2022 ndiyo ya kwanza nchini kufanywa kidijitali, na jibu lake likawa Watanzania 61,741,120. Safari hiyo hata majengo yalihesabiwa, kwa mara ya kwanza, yakapatikana zaidi ya milioni 14. Kazi ilipoisha vishikwambi havikufungiwa kabatini, vilipelekwa kwa walimu.

Mwaka huo huo nyumba zikapewa namba na mitaa ikapewa vibao. Anwani za makazi zaidi ya milioni 12 zikaingizwa kwenye mfumo uitwao NaPA, unaofunguka kwenye simu yako hiyo hiyo. Gari la zimamoto linaweza kuelekezwa Sogea au Maporomoko bila kuuliza njiani, na ile "pinda kwenye mwembe, ulizia kwa Mama Fulani" inastaafu taratibu. Mimi nitaikumbuka, lakini moto hausubiri mwembe.

Angalizo dogo kwa wanaotegemea ramani za simu: Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe! Uko Mkoa wa Mbeya, na ulikuwapo kabla mkoa wetu haujazaliwa. Mgeni akikupigia kwamba ametua Songwe, usimfuate Vwawa.

Sasa tuje kwenye foleni. Nani Tunduma hajaiona foleni ya malori? Wengi huilalamikia kwa kuwa inaziba njia, lakini ebu ipige hesabu ya moshi. Lori kubwa likisimama huku injini inanguruma linaunguza takriban lita 3 za dizeli kwa saa, na kila lita inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Malori 100 yakinguruma saa 10 ni lita 3,000, yaani tani 8 za hewa ukaa angani, na hakuna hata gurudumu moja lililozunguka. Hiyo ni nusu ya uzito wa kimondo cha Mbozi!

Na kimondo chenyewe unakijua? Tani 16 za chuma na nikeli, kimelala pale Mbozi tangu zamani ambazo hata masimulizi ya wazee hayazifikii. Kilipoanguka hakuna aliyetumiwa meseji ya tahadhari. Haya, turudi kwenye malori.

Oktoba 5, 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walikutana hapa kuzindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani. Ujanja wake ni mwepesi: lori linasimama mara moja tu. Liendalo Zambia linahudumiwa upande wa Nakonde, lijalo Tanzania linahudumiwa upande wa Tunduma, na maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Barani Afrika mpaka wa kwanza kufanya hivyo ni Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, Desemba 2009. Na ni Zambia hiyo hiyo, jirani yetu!

Lakini je, wajua kwamba kompyuta za pande hizi mbili zimezaliwa mabara tofauti? Zambia inatumia mfumo wa forodha wa ASYCUDA, uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara lenye makao Geneva. Tanzania mwaka 2014 ilianza na TANCIS, uliojengwa kwa ujuzi wa Wakorea. Kwa hiyo lori la mchele likikwama, huenda Mkorea na Mswisi bado wanasalimiana.

Kontena la transiti likifungwa Dar es Salaam, linapachikwa lakiri ya kielektroniki yenye uwezo wa kusema lilipo. Mtu akiikata njiani, wenye mamlaka wanapata habari kabla hajafika na panga lake kwenye boksi la pili. Zamani ulinzi wa namna hiyo ulitaka msafara na askari, na kila gari la msafara lilikunywa mafuta yake. Leo ni kidude cha kushika kwa mkono mmoja.

Kuna na mizani. Pale Vigwaza, Mkoa wa Pwani, imewekwa mizani inayopima lori likiwa linatembea! Lenye uzito halali linapita zake bila kukanyaga breki na kuondoka upya kwa moshi mzito. Lililozidisha ndilo linaloitwa pembeni, na dereva wake huwa anajua kabla hajaitwa.

Unadhani malori ndiyo mizigo pekee inayopita Tunduma? Chini ya miguu yako kuna msafara mkubwa zaidi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hapa mpakani na kuungana na Zambia, nchi isiyo na bahari. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilometa 900 na ushee. Meseji inazimaliza kabla hujapepesa jicho, wakati shehena ya mabomba inatumia siku kadhaa kwa barabara ile ile.

Ila nyaya nazo hukatika. Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania nzima ikalegea kwa mpigo. Unaikumbuka siku ile? Bando lako halikuwa na kosa. Ndiyo maana wataalamu wanalilia njia za ziada, moja ikifa nyingine ipokee.

Laini za simu Tanzania zimewapita watu. Kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa zimevuka milioni 80! Angalia kwenye benchi hili hili: nani hana mbili? Tunduma, wengine wana na ya tatu ya Zambia.

Na simu hizo hizo zimechora hata ramani. Sikiliza hii vizuri, maana ni hadithi ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2011 Tandale, Dar es Salaam, ilikuwa imejaa watu pomoni, lakini ramani za kina za mitaa yake hazikuwapo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi wakaungana na wakazi, wakashika vifaa vya GPS, wakapita uchochoro kwa uchochoro na kuuchora mtaa wao. Mwaka 2015 ukafuata mradi mkubwa uitwao Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaa wakaandika nyumba, njia, madaraja ya miti na mitaro. Mitaro hasa! Walipima kina, upana, mtaro umejengwa kwa nini na umezibwa na nini, kila kitu kikaingia kwenye simu.

Wakauliza na wakazi: mafuriko yaliyopita yalifika wapi? Bibi anakuonyesha alama ukutani, kijana anashika goti. Kumbukumbu ya mwili wa mtu ikawa kipimo, ikaingia kwenye ramani iliyo wazi kwa mtu yeyote duniani, bure. Sijui kama kuna chombo cha bei mbaya kinachoshinda goti la mtu aliyesimama ndani ya maji yenyewe.

Ramani ile ilishuka hadi ngazi ya shina. Ndiyo, shina la mjumbe wako, wale wa nyumba kumi! Mipaka ambayo miaka yote ilikuwa kichwani mwa mjumbe peke yake ikachorwa. Tahadhari ikitoka, inajulikana ni mjumbe gani apigiwe.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyosaidia kupanga Bonde la Msimbazi, ambako Jangwani inatakiwa igeuke kuwa bustani kubwa inayoruhusiwa kulowa. Umeelewa hapo? Mji unatenga mahali pa mafuriko kukaa kwa heshima, ili yasiingie sebuleni kwa watu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaukubali mkopo wa mradi.

Zanzibar wao walipanda juu. Mwaka 2016 walianza kupiga picha Unguja na Pemba zote kwa droni, eneo la zaidi ya kilometa za mraba 2,300, moja ya kazi kubwa za aina hiyo duniani wakati huo. Marubani walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Na droni zenyewe zilikuwa za povu gumu, hazifiki kilo moja!

Tukiwa Zanzibar: Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuvunja majahazi bandarini. Hakuna aliyejua kinakuja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipojisogeza kuelekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imeshatangaza siku kadhaa mapema, na boti zikazuiwa kwenda baharini. Tofauti ni miaka 152 na setilaiti chache.

TMA imepanga mtandao wa rada 7 za hali ya hewa nchini. Moja ni ya Mbeya, na Mbeya kwetu ni kilometa 100 hivi. Rada haitabiri kwa kubahatisha: inatuma wimbi, linagonga matone ya mvua, linarudi na habari ya wingi wake. Yaani mvua yenyewe ndiyo inayojisemea.

Halafu kuna vituo vidogo vya TAHMO, vilivyotawanywa katika nchi nyingi za Afrika, vingi vikiwa kwenye viwanja vya shule. Havina kitu kinachozunguka, hivyo hakuna cha kukwama kwa vumbi. Upepo vinaupima kwa sauti, na mvua vinaihesabu tone kwa tone. Tone kwa tone, nakwambia!

Je, utabiri ukiandikwa kwa lugha ya kitaalamu unamsaidia nani? Mradi uitwao DARAJA ulikwenda kwenye makazi ya watu wa kipato cha chini Dar es Salaam na Nairobi ukauliza hivyo hivyo. Utabiri ukarahisishwa, ukapitia redio, simu na hata watoto wa shule waliotumwa kuupeleka nyumbani. "Leo toa takataka mtaroni" ni utabiri bora kuliko "milimita 50 kwa saa 24", au siyo?

Muscat nako, mji wenye Waswahili tele, wana funzo lao. Juni 2007 Kimbunga Gonu kiliipiga Oman vibaya sana, barabara zikageuka mito. Mwaka 2015 wakafungua kituo cha taifa cha kutoa tahadhari ya mapema kwa majanga mbalimbali, tsunami ikiwemo. Jangwa na mafuriko ni majirani, usidanganyike na mchanga.

Ngoja tupumzishe maji, tupande gari. Je, wajua kwamba mwaka 2018 Dar es Salaam ilishinda tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, mji wa kwanza wa Afrika kuibeba? Ni kwa ajili ya mwendokasi, mabasi yaliyoanza 2016 kwenye njia za jumla ya kilometa 20.9, ile ya Kimara hadi Kivukoni ikiwemo. Wanaobanwa mlangoni saa moja asubuhi wana maoni yao kuhusu tuzo hiyo, na mimi siwapingi.

Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 14, 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Kasi yake ni kilometa 160 kwa saa, tiketi unakata kwa simu, na moshi njiani hakuna. Sisi Tunduma tunayo reli yetu ya siku nyingi, TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inapita mjini humu humu. Kila behewa la mizigo linalojaa ni malori yaliyopungua kwenye foleni, kwa hiyo ukisikia habari za kuifufua reli ile, sikiliza kwa masikio yote mawili.

Nairobi walifanya kituko kizuri zaidi. Matatu hazikuwa na ramani hata moja rasmi, basi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakazipanda na simu mkononi, wakirekodi kila kituo. Mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130! Ukiiona utadhani ni treni za chini ya ardhi za London, kumbe ni makanga wananing'inia mlangoni.

Kibera nayo, mtaa wa Nairobi hiyo hiyo, mwaka 2009, ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani rasmi, ijapokuwa watu walijaa. Vijana wake wakaichora wenyewe, zahanati, vyoo, mabomba na yote. Mwaka mmoja nyuma, Januari 2008, Nairobi ndiko ilikozaliwa Ushahidi, programu ya kupokea taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilikuwa inatafuta manusura wa tetemeko la Haiti, ng'ambo ya Atlantiki. Kitu cha Nairobi hicho!

Na maji? Mathare, mtaa mwingine wa Nairobi, mwaka 2015, ziliwekwa mashine za maji zinazofanana na za benki. Wakati huo uligusisha kadi, ukachota lita 20 kwa senti 50 za Kenya. Nusu shilingi! Kampuni ya maji ya jiji ilileta na huduma iitwayo Jisomee Mita: unasoma mita yako mwenyewe, unatuma kwa simu, ankara inakuja. Hapo hakuna wa kumsingizia msoma mita.

Kampala wanapima hewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha AirQo mwaka 2015, wakatengeneza vihisi vyao wenyewe vinavyostahimili vumbi na joto letu. Vingine vinafungwa kwenye bodaboda! Pikipiki inakimbiza abiria na huku inapima hewa mtaa kwa mtaa. Na profesa anayeongoza kazi hiyo anaitwa Engineer Bainomugisha. Engineer ni jina lake, wala si cheo.

Kigali kuna pikipiki za umeme ambazo hazisubiri kuchaji. Dereva wa Ampersand anafika kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anapachika iliyojaa, anaondoka ndani ya dakika chache. Unaona jinsi inavyoweza kufaa mji wa bodaboda nyingi? Mimi sijataja jina la mji.

Rwanda hiyo hiyo, Oktoba 2016, droni za Zipline zilianza kupeleka damu hospitali za vijijini. Damu inashuka kwa parachuti ya karatasi. Gari la wagonjwa kwenye barabara mbovu halina la kusema.

Goma, chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo, mwaka 2020 kampuni inayoitwa Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 kwa ajili ya mtaa wa Ndosho. Watu waliokaa gizani wakapata umeme wenye mita za kisasa. Mei 22, 2021 mlima ulilipuka, na Goma ikasimama tena.

Haya, jikoni sasa. Wajua kwamba mita ya gesi ya kupikia inayolipiwa kwa simu, kidogo kidogo, ilibuniwa Dar es Salaam? Kampuni yake iliitwa KopaGas. Mtungi unakaa kwako, mita inafungua gesi ya thamani uliyotuma, hata ya kupikia chai tu. Mwaka 2020 teknolojia ile ilinunuliwa kwa dola milioni 25 na kampuni ya Circle Gas, ikavuka hadi Kenya.

Kwa nini hela yote hiyo? Kwa sababu ya mkaa. Mama hanunui mkaa kwa kuwa ni rahisi. Ananunua kwa kuwa unauzwa kwa kopo, na mtungi mzima unataka hela nyingi kwa mpigo. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Bila kuuza gesi kwa kopo, hapo pana mlima.

Sola nazo zilipita mlango huo huo. M-KOPA ya Nairobi ilianza 2012 kukopesha mitambo midogo ya jua, unalipa kila siku kwa M-Pesa. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe. Mdai asiyebisha hodi!

Sasa nikuchekeshe. Melbourne, Australia, waliipa namba miti yao ya mjini karibu 70,000, na kila mti ukapata anwani ya barua pepe, ili mtu akiona tawi limevunjika aripoti. Watu wakaandika, ndiyo, lakini barua za mapenzi! Mti unaambiwa "umependeza leo". Na wafanyakazi wa jiji wakawa wanajibu kwa niaba ya miti.

Freetown, Sierra Leone, walianza mwaka 2020 kupanda miti wakilenga milioni moja. Kila mche una namba na picha kwenye simu, na mtunzaji akirudi akaonyesha kwamba bado uko hai, anapokea malipo kwa simu. Umeona tofauti? Hapo mti haupandwi kwa ajili ya picha ya mgeni rasmi kisha ukaachiwa mbuzi.

Tumalizie na umeme, maana hapa Tunduma pana siri kubwa. Mradi uitwao TAZA unapeleka laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, na kuunganisha na Zambia. Kaskazini, Tanzania na Kenya tayari zimeungana kwa laini ya Isinya hadi Singida, na Kenya imeungana na Ethiopia kwa waya wa kilometa 1,045. Piga mstari: umeme wa maji ya Ethiopia utaweza kuelekea Afrika Kusini, na mlango wake ni hapa hapa mnapouziana mahindi.

Na sisi tuna cha kuuza. Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Zidisha: 2,115! Nchi moja ikikaukiwa, nyingine iliyonyeshewa inamwagia jirani.

Nimekuwekea hii ya mwisho makusudi. Mwaka 2024 uliponunua LUKU, ulishangaa kupewa tokeni tatu badala ya moja? Tarakimu 20, kisha 20 nyingine, kisha 20 tena, na vidole vikauma. Wengi walidhani TANESCO wana lao jambo. Kumbe shida ilikuwa ya dunia nzima!

Sikia. Kila tokeni hubeba ndani yake dakika iliyotengenezwa, ili isitumike mara mbili. Dakika hizo zilianza kuhesabiwa Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ndani ya mita ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zikaisha Novemba 24, 2024. Mita yoyote ya aina hiyo, iwe Tunduma, Nairobi au Johannesburg, ambayo haikubonyezwa zile tarakimu za ziada, ingekataa tokeni mpya hata ungekuwa na hela gunia.

Fikiria ukubwa wake: mamilioni ya mita, nchi baada ya nchi, na aliyezikarabati si fundi mwenye ngazi. Ni wewe, umesimama ukutani na tochi ya simu, unabonyeza kimoja kimoja huku mtoto anakusomea namba. Watumiaji wenyewe waliukarabati mfumo mzima kwa vidole vyao!

Na hesabu imeanza upya. Safari hii dakika zinahesabiwa kuanzia Januari 1, 2014, kwa nafasi ile ile ya 16,777,216. Chukua kalenda uniwekee alama: zitaisha tena Novemba 24, 2045, na yule mtoto aliyekusomea namba ndiye atakayebonyeza.